Kuandika hadithi ya Alzaima kwa ajili ya anayeuguza nyumbani

Hadithi yangu ya kwanza kuhusu Alzaima, ugonjwa wa kusahau, ilikuwa na mwisho mzuri mno. Mama mmoja wa Ujiji, ambaye kwa miaka miwili alikuwa hawatambui wanawe, aliamka asubuhi ya Idi akawaita wote kwa majina, mkubwa hadi kitinda mimba, kisha akaomba chai. Nilimsomea jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma, aliyekuwa akimuuguza mumewe mwaka wa nne. Alisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, halafu akauliza: "Sasa mimi nimekosea wapi?"

Sikuwa na jibu. Yeye naye alikuwa amefunga, amesali, amemlisha mumewe na kumwogesha, na Idi nne zimepita kama siku nyingine. Nilidhani namtia moyo, kumbe nimemfungulia mashtaka. Niliyoyaandika hapa yametokana na swali lake. Ni kwa yeyote anayetaka kuandika hadithi fupi ya kubuni kuhusu Alzaima, isomwe na watu wanaomuuguza mzazi, mwenza au bibi nyumbani. Nitatumia wahusika wawili wa kubuni mwanzo hadi mwisho: Bi Zaituni, aliyefanya biashara ya dagaa mwaloni Kibirizi, pale boti za uvuvi zinapofikia, tangu usichana, na Hawa, binti yake wa mwisho anayeishi naye.

Hatua ya 1: Fikiria msomaji na muda alionao

Msomaji wako anasoma saa nne usiku, mgonjwa akishalala, simu ina chaji kidogo, na sikio moja liko mlangoni. Kurasa mbili za machweo juu ya Ziwa Tanganyika hatazimaliza. Maneno 800 hadi 1,500 yanatosha. Sentensi ya kwanza imkute mtu katikati ya jambo: "Saa kumi usiku Bi Zaituni alikuwa ameshajifunga kanga mbili, anatafuta kisado chake." Basi, twende.

Hatua ya 2: Usome ugonjwa kabla hujampa mhusika

Hatua hii wengi wanairuka, halafu msomaji anayeishi na mgonjwa anawagundua kwenye aya ya pili.

Jina limetoka kwa daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika hospitali moja ya Frankfurt, alimpokea mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Alikaa naye akamuuliza maswali, na majibu akayaandika neno kwa neno. Alipomuuliza jina la mumewe, mama yule alitaja jina lake mwenyewe. Alifariki mwaka 1906, na ubongo wake ulipotazamwa kwa hadubini ulikutwa umesinyaa, una mabonge ya protini kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Mwaka huohuo Alzheimer akawaeleza madaktari wenzake. Mimi huyasema haya kwa sababu ya yale maandishi yake. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado tunamsikia Auguste akijibu. Nunua daftari. Ukiwa na mgonjwa karibu, andika anachosema kama alivyokisema, na saa aliyosema.

Kinachomhusu zaidi mwandishi ni utaratibu wa kusahau. Sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya ni miongoni mwa zinazoharibika mwanzoni. Ndiyo maana Bi Zaituni atakana kwamba amekula ugali wa muhogo nusu saa iliyopita, lakini atakusimulia boti iliyozama akiwa mwali, na nani aliokoka. Kazi ya mikono, nyimbo, sala na salamu huchelewa kuondoka. Kuelekea magharibi, giza likianza kuingia, wengi huchachamaa: wanataka kwenda "nyumbani" hali wako nyumbani. Baadaye lugha ya utotoni hurudi mbele, na Bi Zaituni atawasalimia wajukuu kwa "Mwakeye", nao, watoto wa mjini wasiojua Kiha, watacheka. Mwishoni kabisa hata kumeza huwa kazi. Yote haya ni safari ya miaka. Mhusika anayesahau ufunguo Januari na kushindwa kuongea Machi ana ugonjwa mwingine.

Hapa pana jambo la kuogopa kidogo: watu huichukua hadithi kama ushauri. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku mbili tatu, inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, au damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende na sonona navyo huweza kufanana na Alzaima, na vina matibabu. Kwa hiyo mahali fulani kwenye hadithi, hata kwa sentensi mbili, Hawa ampeleke mama yake hospitali ya mkoa, Maweni, apimwe damu na kuulizwa maswali. Alzaima yenyewe haina dawa ya kuiponya. Zipo za kupunguza makali ya dalili kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa, kama donepezili. Usimwahidi msomaji zaidi ya hapo.

Ukubwa wa jambo nao uujue, hata kama hutauandika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimenshia, yaani kundi zima la magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na kwamba Alzaima ndiyo chanzo kwa watu 60 hadi 70 kati ya kila 100 wa hao. Hapa Tanzania, utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta wagonjwa wapatao 6 katika kila wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea. Takwimu hizi zikae kichwani mwako. Zitakusaidia usiandike kana kwamba nyumba ya Hawa ni ya ajabu, iliyolaaniwa peke yake.

Hatua ya 3: Mpe mgonjwa kitu anachokitaka

Kosa kubwa la hadithi hizi ni kumfanya mgonjwa kuwa kabati: yupo, anafutwa vumbi, anahamishwa. Mhusika anahitaji haja. Na mgonjwa wa Alzaima ana haja nyingi tu, ila zimepoteza tarehe.

Mtaani watasema Bi Zaituni "anatangatanga usiku". Mwandishi aulize: anakwenda wapi? Kwa miaka arobaini aliamka saa kumi usiku kuwahi boti, kwa sababu anayefika mwaloni wa kwanza ndiye anayechagua dagaa. Mwili wake bado unaiamini saa hiyo. Anatafuta kisado chake cha kupimia. Ukishajua hilo, kila anachofanya kina mantiki: anapanga mchele sakafuni mafungumafungu, anakasirika mtu akiukanyaga, anamwita mkwewe "mchuuzi" na kumwambia bei imepanda. Mchekeshe msomaji hapo, anahitaji kucheka. Ila acheke pamoja na Bi Zaituni.

Sasa ujuzi wa mahali ukufanyie kazi. Sote Kigoma tunajua dagaa huvuliwa usiku wa giza. Zamani walitumia karabai, siku hizi taa za sola, na mwanga ndio unaowavuta samaki juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, boti zinapumzika. Hapo Hawa anapata ufunguo aliokuwa akiutafuta miezi sita:

"Mama, leo mbalamwezi."

Bi Zaituni akasimama, mkono kwenye komeo. "Tangu lini?"

"Tangu juzi. Boti zote zimefungwa."

"Na wewe unaniacha nijifunge kanga bure." Akafungua moja, akaikunja, akarudi kitandani akinung'unika.

Kipande hiki kina mambo mawili anayeyahitaji anayeuguza. La kwanza ni la kutumia: Hawa hakumwambia mama yake "dagaa uliacha zamani, umezeeka, lala." Alimjibu mfanyabiashara kwa sababu ya kibiashara. Msomaji wa Tabora ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli ataona mwenyewe kwamba anaweza kusema treni ya Mpanda imechelewa. Huna haja ya kumwelekeza.

La pili ni zito zaidi. Usiku ule hapakuwa na mbalamwezi. Hawa amemdanganya mama yake mzazi, naye alilelewa akijua kwamba mama hadanganywi. Usilipite hili haraka. Wanaouguza wengi wanaubeba uongo wa namna hii bila kumwambia mtu, wakidhani wao tu ndio watovu wa adabu. Mwache Hawa abaki macho, akisikiliza mama yake anavyokoroma, akijiuliza kama atamwambia kaka yake. Mimi hapa huwa sitoi hukumu kwenye hadithi. Nina maoni yangu: uongo ule ni sitara kama kanga. Lakini hadithi ikiyasema hayo itageuka mawaidha.

Hatua ya 4: Anayeuguza asiwe malaika

Msomaji wako jana alimfokea mama yake. Labda alimshika mkono kwa nguvu kuliko alivyokusudia, akaona alama za vidole kwenye ngozi ile laini ya kizee. Akikutana na Hawa asiyechoka, mwenye tabasamu kutoka alfajiri hadi usiku, ataifunga simu.

Kwa hiyo Hawa akosee. Siku moja mama yake ameuliza mara ya thelathini "Baba yako amerudi?", na baba amefariki miaka kumi na moja. Hawa anasema: "Amekufa, mama! Amekufa!" Bi Zaituni anapokea msiba upya, analia kama wa siku ile. Na baada ya robo saa anauliza tena. Hawa anatoka uani, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hana hata hamu ya kulia. Kisha anaingia, anajibu: "Bado, mama. Tumwekee chakula?" Acha hapo. Usimwandikie toba ya nusu ukurasa.

Ndugu wasisahaulike. Kila nyumba ina kaka aliye Dar es Salaam anayepiga simu Jumapili na kusema, "Mbona anaongea vizuri tu? Unazidisha." Anasema kweli kwa alichosikia: salamu za dakika tatu mama anaziweza, "hujambo mwanangu, wajukuu hawajambo", kila kitu mahali pake. Mwandishi mwenye haraka atamfanya kaka huyu kuwa mbaya. Mlete kwa treni, kwenye msiba wa jamaa, alale chumba kimoja na mama usiku mmoja. Saa kumi atajifunza mwenyewe. Na asubuhi asitoe hotuba. Aulize tu sabuni ya kufulia iko wapi.

Msaada katika hadithi uwe wa kiasi kinachowezekana. Jirani anayekuja Alhamisi kukaa na Bi Zaituni saa mbili ili Hawa aende sokoni bila kukimbia, huyo msomaji anaweza kumwomba mtu kesho. Mfadhili aliyeshuka kutoka ng'ambo na gari jeupe, hawezi.

Hatua ya 5: Linda sitara

Kuna mambo anayeuguza anayajua kwa mikono yake: nguo zilizochafuka, maji ya kuogea, mwili wa mzazi. Yaguse, kwa sababu ndiyo yanayomchosha. Lakini mwanga usiuelekeze kwa mgonjwa. Onyesha ndoo mlangoni, dirisha lililofungwa, Hawa akiimba kaswida ileile aliyofundishwa na mama yake ili mikono ya mama ilegee. Msomaji amekwishaelewa. Ikiwa anayeuguza ni mtoto wa kiume, uzito ni mwingine kabisa, na hapo una hadithi nyingine nzima: anamtafuta nani amwogeshe mama yake, anamlipa nini, na siku mtu huyo hakuja anafanyaje.

Hatua ya 6: Uchawi

Utaukuta tu. Mtu anayetoka usiku, anayeongea na marehemu, asiyemtambua jirani wa miaka ishirini: mtaa una jina lake tayari. Na jina hilo huua. Katika mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa, ndugu zetu wa Tabora wakiwemo, bibi wazee wameuawa kwa kushukiwa, na macho mekundu ya moshi wa jikoni yakahesabiwa kuwa ushahidi. Kwa hiyo usiuweke uchawi kama kiungo cha kunogesha. Mhusika akisema "huyu bibi ana mambo yake", mwingine amjibu palepale, kwa maneno ya kawaida. Mwenye duka amwambie mteja wake: "Ana mambo gani? Mama huyu alinikopesha dagaa debe zima nikiwa sina kitu. Anaumwa." Mstari mmoja wa mtu anayeheshimika mtaani una nguvu kuliko aya nzima ya daktari.

Hatua ya 7: Mazungumzo yanayojirudia, na salamu

Swali linalorudiwa mara thelathini huwezi kuliandika mara thelathini. Liandike mara tatu, na kila mara badilisha kinachofanywa na mikono ya anayejibu: anachambua maharage, maharage yako jikoni, maharage yameungua. Muda umepita, na msomaji ameuhisi.

Salamu ndiyo hazina yako kubwa, na sijui kwa nini hatuichimbi. Kwa lugha yetu hujui umri wa mtu tu, unajua nafasi yake, kwa neno moja. Bi Zaituni ataendelea kuitikia "marahaba" muda mrefu baada ya kuacha kujua ni nani aliyemsalimu. Halafu inakuja asubuhi moja. Hawa anaingia na uji. Mama yake anamtazama, anainama kidogo, anasema kwa sauti ya msichana: "Shikamoo, shangazi."

Niliandika jibu la Hawa mara nne. Kwanza alilia, na nikaona ninayelia ni mimi. Mara ya pili alisahihisha, "Mama, ni mimi Hawa," na Bi Zaituni akaona haya, akajifunika uso. Hilo ni kweli, hutokea, lakini lilimwacha msomaji pabaya. Mara ya tatu Hawa alinyamaza, na shikamoo isiyoitikiwa ikabaki chumbani kama mlango ulioachwa wazi. Mara ya nne:

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mama amekwenda mwaloni?"

"Amekwenda. Kunywa uji."

Usieleze kitu. Msomaji aliyelelewa kwa Kiswahili anajua ni nini kimepinduliwa pale mtoto anapoitikia shikamoo ya mama yake. Ukieleza, umemnyang'anya.

Hatua ya 8: Mwisho

Usimponye, na usimuue kwa sababu tu umekosa la kufanya. Kifo kipo, lakini anayesoma usiku huu ana kesho ya kuiendea. Tafuta mwisho ulio mdogo kiasi cha kuingia ndani ya siku moja.

Wangu niliupata kwa kuuvunja ufunguo niliompa Hawa. Usiku mmoja anasema "leo mbalamwezi", na Bi Zaituni anafungua mlango kabla hajazuiwa. Kutoka pale kibarazani ziwa lote linaonekana, na taa zimejaa juu ya maji kama mji mwingine. Uongo umekamatwa. Hawa anangoja kufokewa. Mama yake anasema, "Wengi leo," anakaa kizingitini, anaanza kuzihesabu. Hawa anachukua kanga ya pili, anamfunika mabega, anakaa kando yake. Akifika arobaini na mbili anapotea, Hawa anamwambia "arobaini na tatu". Nikaishia hapo, taa zikiwa bado zinahesabiwa.

Hatua ya 9: Msomee mtu kabla hujaisambaza

Badilisha jina, mtaa, kazi, idadi ya watoto. Kama mgonjwa wa kweli bado anatambulika, hujamaliza. Kisha isome kwa sauti mbele ya mtu anayeuguza. Wengi hawana nguvu ya kusoma, hivyo irekodi pia kwa simu, dakika nane au tisa, polepole, waisikilize wakifua.

Swali la kumuuliza lisiwe "umeipenda?" Atasema ameipenda. Muulize ni wapi aliposema moyoni, "hapa anatunga."

Jirani yangu nilimsomea tena, safari hii hadithi ya taa. Alinyamaza kidogo, akauliza kama usiku uliofuata Bi Zaituni alilala. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akaridhika. Halafu akanirudisha kwenye ukurasa wa kwanza, pale Hawa anapomwogesha mama yake kwa maji ya moto alfajiri ile. "Mkaa wa kuchemshia maji saa kumi usiku anautoa wapi, na mgonjwa kasimama mlangoni?" aliuliza. "Mpanguse kwa kitambaa. Kuoga asubuhi."

Nikafuta maji ya moto.